Kichwa cha Bi Badriya

Alasiri za Agosti, Dubai huwa kama mji uliosahauliwa ndani ya birika. Mvuke hupanda kutoka baharini, vumbi hushuka kutoka jangwani, na vikikutana hapo katikati jua hugeuka duara jeupe lisilo na ukingo, na majumba marefu ya mbali yakabaki yanaelea tu, hayana miguu. Mwatima aliyatazama kupitia kioo cha saluni ya wanawake pale Al Baraha, chanuo mkononi, na taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi zinazoingia majini, akamwona mama yake.

Mama alikuja kama anavyokuja siku zote. Aliketi chini, akampa mgongo, akajisogeza nyuma mpaka mabega yake yakaingia baina ya magoti ya Mwatima. Kanga imefungwa kifuani, shingo ina unyevu, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi.

"Nifumue, mwanangu."

Mwatima akashika ncha ya uzi, akaanza. Uzi ukaja. Ukaendelea kuja, ukajaa mapajani pake, ukamwagika sakafuni, ukatoka nje ya mlango, na kila akidhani sasa anafika kwenye ngozi ya kichwa, kumbe msuko uko vilevile. Na mama hageuki. Tangu aanze kumjia, hajageuka hata siku moja.

"Wee Mwatima! Unalala umesimama kama punda?"

Alikuwa Roselyne, Mkenya wa kutoka Bonde la Ufa, anayetengeneza kucha kwenye meza ya pembeni. Mteja alikwisha kulipa na kwenda zake. Mwatima alikuwa akichana hewa.

"Simu yako imelia hadi ikachoka," Roselyne alisema. "Shika bana, kabla madam hajatoka huko nyuma."

Aliyepiga alijitaja kuwa Aseel, anakaa majengo ya karibu. Alisema haraka haraka, kwa Kiunguja cha nyumbani kilichokulia Deira. Mama mkwe wake ameletwa kutoka Pemba kwa matibabu, kesho asubuhi anapasuliwa moyo. Muuguzi ameagiza nywele zote zifumuliwe na kichwa kioshwe kwa dawa ya hospitali mpaka ngozini. Na bibi hataki kuguswa.

"Kanipiga mkono mimi, mke wa mwanawe! Nimemletea Mfilipino, kamfukuza. Anataka mtu wa kusema naye. Nimeambiwa wewe wa hukohuko."

"Pemba sehemu gani?" Mwatima aliuliza.

"Najua wapi mimi, habibti? Mimi nimezaliwa hapa. Pemba si Pemba tu? Yalla, njoo, nakungoja."

Mwatima aliiweka simu mezani akaitazama. Yeye kwa kawaida huwakwepa watu wa kwao. Ukikutana na Mpemba Dubai, swali la kwanza ni kwenu wapi, la pili ni baba yako nani, na likijibiwa hilo la pili kila mmoja ameshajua mwenzake alikuwa upande wa bendera ipi. Ndipo tabasamu huanza kupoa, polepole, kama chai iliyosahauliwa. Kwa hiyo akiulizwa husema yeye wa Wete mjini, na mazungumzo yakahamia bei za nyumba.

"Si ni watu wenu hao?" Roselyne akauliza. "Mbona umekunja sura?"

"Ndiyo maana."

"Aa, nyinyi pia? Mambo ya kura?" Roselyne akaiweka tupa yake chini. "Sisi walituchomea. Jirani mwenyewe, yule aliyekuwa anatuletea maziwa, ndiye alishika kiberiti. Nyinyi walichoma?"

"Kijijini kwetu hawakuchoma kitu."

"Walikata watu?"

"Hapana."

"Sasa walifanya nini?"

Mwatima akatafuta neno jingine, akalikosa. "Walisusa."

Roselyne akaangua kicheko mpaka akaziba mdomo. "Walisusa! Kama mtoto amekataa uji?"

"Kama mtoto aliyekataa uji," Mwatima alisema, akachukua mkoba wake.

Alitoka nje na joto likamkumbatia kama nguo iliyotoka kufuliwa. Roselyne alikuwa na haki ya kucheka. Neno lenyewe ni dogo. Lakini mwaka ule wa uchaguzi Mwatima aliliona likikua mpaka likakijaza kijiji kizima. Bunduki zilikuwa mbali, ziliwafikia kama habari tu. Kilichoingia kwao hakikuwa na mlio. Lilianza duka, watu wa bendera hii wakaacha kununua kwa watu wa bendera ile. Kikafuata kisima. Msikiti wa pili ukasimamishwa kwa makuti, watu wasije wakasujudu safu moja na mahasimu wao. Ramadhani ikaingia, na sahani za futari hazikuvuka njia. Kulikuwa na mtu aliyemwacha mkewe kwa sababu ya kura za mashemeji. Mwisho wakafika kwenye maiti. Mtu wa upande ule akifa, wa upande huu hawazikani naye. Hawafungui hata mlango.

Mama yake, Alya, alikufa kwa homa mwaka huohuo. Mwosha maiti wa wanawake pale kijijini alikuwa mmoja tu, Bi Badriya, naye alikuwa wa upande wa pili. Akatumiwa mtu. Hakuja. Akatumiwa wa pili, mtu mzima, ambaye ombi lake halikataliwi. Hakuja. Jua likapanda, wanaume wakawa wanakohoa nje, na hatimaye shangazi yake Mwatima, msichana ambaye hata hajaolewa, akaingizwa chumbani pamoja na Mwatima wa darasa la sita, na pipa la maji, na majani ya mkunazi ndani ya sinia. Wakafungiwa. Hakuna kati yao aliyewahi kuosha maiti. Walifanya walichoweza, wakilia na kunong'onezana, wakimwaga maji.

Siku ya tatu, kwenye khitma, mgeni mmoja mzee aliuliza kwa upole, kama anayeulizia chumvi: "Nywele mlizifumua kwanza, kisha mkazisuka upya misuko mitatu?" Shangazi na Mwatima wakatazamana.

Hawakuzifumua. Mama alikwenda kaburini na misuko yake ya uzi mweusi, na Mwatima hakujua kama maji yalifika. Shangazi alikufa bila kulizungumza. Baba yake, Mzee Yaarub, ambaye mpaka leo hupiga simu kila Ijumaa kutoka barazani kwake, alikuwa akimwambia neno moja tu tangu utotoni: "Sisi hatukuwafanyia wao kama walivyotufanyia." Mwatima aliliegemea neno hilo miaka yote kama ukuta.

Lifti ya jengo lile ilipanda polepole ikiguna. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mnene mwenye dera la maua na simu mbili mkononi.

"Karibu, dada. Alhamdulillahi! Vua viatu, ingia. Mume wangu Faris kaenda hospitali kumalizia mambo yao." Aseel akamvuta kwa mkono. "Nakwambia mapema, ana maneno. Jana kaniambia wali wangu kama wa jela. Yeye jela kaenda lini?"

Sebule ilikuwa na makochi makubwa ya dhahabu ambayo hakuna aliyeyakalia. Bibi alikuwa chini, juu ya mkeka uliosafiri naye, karibu na dirisha, ameegemea mto. Ukungu wa nje uliujaza ule uso mwanga mweupe, akaonekana kama mtu anayetazamwa kupitia maziwa.

"Bi Badriya," Aseel alisema kwa sauti, "msusi huyu hapa, wa kwenu!"

Kitu kikashuka ndani ya Mwatima. Haikuwa hasira, ingawa miaka yote aliamini kwamba siku hiyo ikifika ingekuwa hasira. Ilikuwa kama kiyoyozi kikizimwa ghafla na nyumba yote ikawa kimya. Akautafuta ndani ya uso ule uliokunjamana uso wa mwanamke mrefu aliyekuwa akipita kijijini na mkoba wa ukindu begani, na watoto wakinyamaza, kwa kuwa walijua mkoba una karafuu maiti. Akauona. Ulikuwa hapo chini, kama sarafu chini ya maji.

"Nimesahau chanuo," akasema.

"Unalo mkononi, habibti."

Kweli lilikuwa mkononi.

"Basi mwache akae," bibi alisema bila kugeuza kichwa. Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruzika. "Keti, mwanangu. Huyu mkwe wangu ananikamata kichwa kama anafungua nazi."

Aseel akainua mikono juu akaenda jikoni. Mwatima akabaki amesimama. Angeweza kutoka. Angesema anaumwa, mlango uko pale, na bibi yule angekwenda hospitali na kichwa chake hivyohivyo. Lakini alijua pia kwamba ikiwa kesho moyo ule utakataa kuamka, hakutabaki mtu duniani wa kuulizwa lile swali la misuko ya mama. Akaketi juu ya kigoda nyuma ya mkeka. Bi Badriya akajisogeza nyuma, taratibu, mifupa ikilia, mpaka mabega yake yakaingia baina ya magoti ya Mwatima.

Nywele zilikuwa nyeupe, zimesukwa kwa uzi mweusi, ngumu kwa chumvi ya safari. Mwatima alitafuta ncha ya uzi wa kwanza karibu na kisogo. Uzi ukamponyoka, akaushika, ukamponyoka tena.

"Mikono yako inakiogopa kichwa changu," bibi alisema.

"Uzi umekaza."

"Nilisukwa na mjukuu wangu, ana hasira yule. Kwenu wapi?"

"Wete mjini."

"Wete ya nani?"

"Ya watu wengi, bibi."

Mzee akacheka kicheko cha pumzi tupu. "Haya. Usiseme. Huku nimeona watu hawasemi. Juzi Faris kaleta kijana wa Konde kunisalimia, tukakaa hapo tunazungukana kama majogoo, huyu anauliza mvua, huyu anauliza mihogo. Hata kahawa hakuimaliza."

Uzi wa kwanza ukaja. Mwatima aliuvuta akingoja urefuke, ujae mapajani, utoke mlangoni. Haukurefuka. Ulikuwa uzi mfupi, wa kawaida, ukaisha, na chini yake ikatokea ngozi ya kichwa, ya kijivu, laini kama ya mtoto. Mwatima akaitazama kwa muda. Kisha akaenda kwenye msuko wa pili.

Nje muadhini mmoja aliadhini alasiri, mwingine akamfuata, na sauti zikaja dirishani zimelowa, kana kwamba zimepita chini ya bahari. Bi Badriya alisinzia na kuamka. Mara moja alisema, "Funga mlango wa mbuzi," kisha akasema, "Ah, hapa ghorofani," akacheka peke yake.

Bafuni, bibi alikataa bomba la mvua. Alitaka ndoo na kopo. Aseel akamwekea kiti cha plastiki, akaleta chupa ya dawa ya hospitali, akaambiwa atoke.

"Nimekuwa mgeni nyumbani kwangu," Aseel alisema, akaurudisha mlango.

Mwatima akachota maji.

"Anzia kulia," bibi alisema. "Tia Bismillahi. Usimwage kwa haraka, maji hayapendi kukimbizwa. Tenganisha kwa vidole, hivyo, yafike chini. Sasa kushoto." Alisema akiwa amefumba macho, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kazini, bila kujua kwamba anafundisha. "Nyuma ya masikio watu husahau. Haya, tena."

Mwatima alimwaga. Povu la dawa likateremka shingoni, kwenye mabega membamba. Aliona mikono yake ikifanya kile kilichopaswa kufanywa siku ile, kwa utaratibu ule, juu ya kichwa cha yule aliyekataa kuja, na hakujua tena kama yuko Al Baraha au yuko ndani ya chumba kile cha udongo na sinia la mkunazi. Swali likatoka lenyewe.

"Bibi, maiti akioshwa na nywele zake zimesukwa, hazikufumuliwa, inakuwaje?"

Bi Badriya alifumbua macho. Maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni.

"Nani kakwambia mimi niliosha maiti?"

Kopo lilikuwa juu, limejaa.

"Mkwe wangu hajui. Faris kamficha, eti watu wa huku wataogopa kula chakula changu." Bibi akageuka juu ya kile kiti, nusu, kadiri shingo ilivyoruhusu. Akamtazama Mwatima paji la uso, pua, mdomo, kama mtu anayesoma jina mlangoni. "Wewe wa Alya."

"Ndiyo."

"Binti Yaarub."

"Ndiyo."

"Weka kopo chini, litakuponyoka."

Akaliweka. Nje ya mlango Aseel alikuwa akizungumza na simu, anacheka.

"Nilitumiwa mtu mara mbili," bibi alisema. "Mkoba nilikuwa nao begani. Miye nakwambia ilivyokuwa, sijipambi. Nilikwisha vaa buibui. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa na tawi la chama pale, wakaja wenzake wakakaa mlangoni. Wakasema, ukitoka kwenda kule, basi nawe siku yako utajiosha mwenyewe. Nikakaa. Nikaupakata mkoba mpaka nikasikia wamepita na jeneza." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hakuna aliyenishika mkono. Ningetaka kwenda ningekwenda."

Mwatima alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Alikuwa na majibu ya kila kisingizio, ameyatunza miaka yote, yamenolewa. Hiki hakikuwa kisingizio.

"Tulikuwa wawili tu," akasema. Sauti yake ilitoka ya kitoto. "Mimi na shangazi. Hatukujua. Hatukumfumua, bibi. Ninamwota. Ananikalia hivi ulivyokaa, anataka nimfumue, na sifiki."

"Maji mlimwaga kiasi gani?"

"Pipa."

"Pipa zima?"

"Mpaka tukakwangua chini."

Bi Badriya alimtazama, na uso ule wote ukakunjuka. "Pipa zima, kwa Alya, mwembamba vile? Mwanangu, mlimwosha kuliko nilivyopata kumwosha mtu yeyote. Yakifika kwenye mashina yametosha, na maji ya pipa hayawezi kukosa kufika. Kufumua ni uzuri wake, na kusuka mitatu ni uzuri wake. Amekwenda safi mama yako. Nakwambia mimi, niliyeifanya kazi hiyo tangu sijaota mvi."

Mwatima alikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea. Hakulia. Aliona tu kwamba vigae vya bafuni vina maua madogo ya samawati ambayo hakuwa ameyaona alipoingia.

"Kama ungekuja," alisema baadaye, "nisingehitaji kuuliza."

"Usingehitaji."

"Sisi hatukuwafanyia hivyo nyinyi."

Bibi alinyoosha mkono akalichukua kopo, akajimwagia mwenyewe kidogo begani, kuondoa povu.

"Bibi?"

"Nimesikia."

"Baba yangu hakususa maiti ya mtu."

"Nipe taulo, mwanangu."

"Sema."

Bi Badriya alishusha pumzi. "Mume wangu alikufa baada ya mavuno ya karafuu. Jeneza lilitoka na watu wanne. Upande wetu wengi walikuwa wamekwenda mjini kwenye mkutano, na upande wenu hakuna aliyetoka. Wanne, mpaka makaburini, hakuna wa kupokea bega. Faris alikuwa mmoja wao, na bega lake bado la kitoto, liko chini, basi jeneza likawa limeinama upande mmoja. Nililitazama dirishani mpaka likapita mbele ya baraza ya Yaarub."

"Baba alikuwa shamba siku hiyo," Mwatima alisema. "Aliniambia."

"Alikuwa barazani. Na kofia yake kichwani. Hakuinuka."

Aseel akagonga mlango. "Mmezama humo? Faris kapiga, anasema tuwe tayari, gari linakuja."

Walitoka. Mwatima alizikausha zile nywele nyeupe kwa taulo, akazichana, zikalala mabegani nyepesi kama moshi. Aseel akamletea mama mkwe wake nguo safi, akamvisha kwa mikono ambayo sasa haikupigwa. Bibi alionekana mdogo, kama mwari anayetolewa ndani. Alipomsindikiza Mwatima mpaka mlangoni, ameshika mkono wa mkwewe, akasimama.

"Binti Yaarub. Umenisamehe?"

Aseel akatazama huku na huku. "Nini tena? Nini kimetokea?"

Mwatima alilitafuta lile jibu mahali ambapo miaka yote lilikuwa limekaa. Pale mahali palikuwa wazi, pana mwanga mweupe tu kama wa nje.

"Sijui, bibi," akasema. "Niulize ukirudi."

Bi Badriya akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei ya haki. "Nitarudi basi," alisema.

Chini, barabarani, magharibi ilikuwa inakaribia na ukungu umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Viyoyozi vilidondosha maji kutoka madirisha yote, njia nzima ikawa inanyesha mvua yake yenyewe isiyo na wingu. Mwatima alisimama chini ya kibaraza cha duka la mikate akampigia baba yake. Haikuwa Ijumaa.

"Kuna nini?" Mzee Yaarub aliuliza kabla ya salamu. "Unaumwa?"

"Mzima, baba. Nataka kukuuliza. Siku ya maziko ya mume wa Bi Badriya, ulikuwa wapi?"

Kuku alilia huko upande wa pili, karibu sana, kana kwamba yuko pale kwenye kibaraza.

"Nani kakutuma kuuliza hayo?"

"Nauliza mimi."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

"Uliniambia ulikuwa shamba."

"Nilikwambia hivyo."

"Ulikuwa shamba?"

Alimsikia akibadilisha mkono wa kushika simu. Akamwona: fulana nyeupe, kofia ya vito ya kudariziwa iliyochakaa, mgongo umeegemea ukuta uleule. Akaogopa kwamba atadanganywa tena, na akaogopa kwamba hatadanganywa.

"Nilikuwa barazani," Mzee Yaarub alisema.

Mwatima akafumba macho.

"Walikuwa wanne. Yule mtoto wake alikuwa anajikwaa. Jeneza likayumba pale kwenye mteremko, nikadhani linaanguka. Miguu yangu ilitaka kuinuka, Mwatima. Nikaikalisha. Nilisema moyoni, na wao waone. Mama yako alikuwa hana hata miezi kaburini. Nikaingia ndani nikanywa maji."

"Kwa nini uliniambia hamkufanya?"

"Ulikuwa mtoto. Nilitaka mmoja wetu akue bila kulijua."

Basi la kampuni lilipita limejaa wanaume waliolala na vichwa vimeegemea vioo. Mwatima alilifuata kwa macho mpaka likaingia ukunguni likayeyuka. Ukuta aliokuwa ameuegemea tangu utotoni haukuwepo tena, na ajabu ni kwamba hakuwa ameanguka.

"Umeyapata wapi hayo?" baba aliuliza.

"Kwa mwenyewe. Nimetoka kumwosha kichwa."

"Badriya yuko huko?"

"Yuko hapa Dubai kwa mwanawe. Kesho anapasuliwa moyo."

Kuku akalia tena. Mtu alipita njiani huko kijijini akatoa salamu, na Mzee Yaarub hakumwitikia, jambo ambalo Mwatima hakuwahi kulisikia maishani mwake.

"Huyo mwanawe," akasema baadaye, "ndiye yule mtoto? Faris?"

"Ndiye."

"Ikitokea la kutokea, huko ana watu? Wa kushika bega?"

"Watu wapo, baba. Huku Al Baraha pana watu wengi wa kwetu."

"Na huku kwetu watu walikuwepo," Mzee Yaarub alisema. Akakohoa. "Nipe namba yake."

"Ya nini?"

"Nataka kumpa mkono wa tanzia."

"Baba, mama yake yuko hai!"

"Wa baba yake," Mzee Yaarub alisema. "Sijampa."

Mwatima akakata simu, akaiandika ile namba ya Aseel, maana ya Faris hakuwa nayo, akaituma. Kisha akarudi hatua chache mpaka mbele ya jengo, akainua uso. Madirisha ya ghorofani yalikuwa yameanza kuwashwa taa moja moja, kila moja likielea peke yake ndani ya ule mvuke, na hakujua lipi ni lao. Gari la hospitali halikuwa limefika bado. Baba akipiga na simu ya Aseel ikilia huko juu, asingeweza kuisikia, kwa ngurumo ya viyoyozi, lakini alibaki amesimama pale, maji yakimdondokea begani, kana kwamba anaisikia.